Maamkizi ya Mzee wa Kisima

Mimi ni mtu wa haraka. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono, na tangu siku hiyo sijapunguza mwendo. Nalisema hili mapema kwa sababu haraka hiyo, ambayo mahali pengi imenifaa, ilichangia kumpotezea mzee mmoja mguu wake. Yeye hajawahi kunilaumu. Najilaumu mwenyewe, na hata hilo amenikataza.

Siku hizi nafanya kazi katika kliniki ndogo hapa Kiwanjani, mjini Isiolo, karibu na nyumba niliyolelewa. Ndege ikishuka kwenye uwanja wa jirani, mimi na mgonjwa tunanyamaza hadi ipite, kisha tunaendelea na tumbo lake pale tulipoachia. Ni kazi nzuri. Lakini umeme ukipotea na duka la jirani likawasha jenereta, moyo wangu unaondoka. Unaenda mbele ya kijiji cha Korbesa, kwenye tambarare ile nyeupe, kwenye kontena langu lenye kitanda kimoja, na naweza kukaa na sindano mkononi nikisikiliza hadi mgonjwa anikumbushe kuwa bado amekunja mkono wa shati.

Mimi ni tabibu, yule ambaye si muuguzi wala si daktari kamili, ila Kenya nzima inamwita daktari. Kampuni moja ya kutafuta mafuta ilikuwa imesimamisha mtambo wa kuchimba huko, mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka nyumba ya mwisho ya Korbesa, na ilihitaji mtu wa kutunza afya za wafanyakazi. Nilikaa siku ishirini na nane kambini na ishirini na nane nyumbani, na hivyo hivyo kwa karibu miaka miwili. Wenzangu mjini walinihurumia. Walidhani nakula vumbi na kulia. Kwa kweli nilikula vizuri kuliko wao, na kama nililia, ni kwa sababu ya upepo.

Nakumbuka harufu ya tope la kuchimbia, ambalo lilinuka kama dawa ya viatu. Nakumbuka ngamia waliokuja kusimama kando ya uzio kututazama, wakitafuna, kama watu waliokuja kukagua nyumba wasiyokusudia kupanga. Nakumbuka vile mtambo ulivyonguruma mchana na usiku hata ukawa haupo tena masikioni. Ukisimama, kambi nzima ilitoka nje kuuliza kuna nini.

Wagonjwa wangu walikuwa wanaume wenye nguvu na magonjwa madogo. Vumbi machoni, mgongo, nge waliojificha kwenye ovaroli, tumbo la mtu aliyekula chapati kumi. Kontena langu lilikuwa na mashine ya hewa baridi, na nilishangaa mwanzoni jinsi maumivu ya kichwa yalivyoanza saa nane mchana na kupona yenyewe saa kumi, jua likipungua.

"Daktari, hii kichwa inanipasua."

"Lala hapo dakika kumi. Ukianza kukoroma utakuwa umepona."

Walikuwa wakicheka, wakilala, na mimi nikiandika kwenye kitabu kwamba nimewapa panadol. Niliwapenda wale watu. Sikuwaambia.

Kulikuwa na sheria moja kubwa kuhusu kazi yangu: mtambo hauchimbi kama tabibu hayupo kambini. Nikitoka langoni, chuma kinasimama, na chuma kikisimama wakubwa wanapiga simu za setilaiti kutoka nchi tusizozijua. Kwa hiyo nilitoka mara moja tu kwa wiki, siku ya Jumatano, wakati mafundi wakifanyia mtambo matengenezo. Nilienda kupima maji kwenye kisima.

Kisima kilikuwa mbali kidogo, kama nusu saa kwa njia mbovu. Maji yetu yote, ya kunywa na ya kuchimbia, yaliletwa kutoka huko kwa boza, lori la tangi. Pampu na jenereta yake vililindwa na mzee mmoja Mborana wa Korbesa, mwembamba, mwenye ndevu alizozitia hina, ambaye alikabidhiwa redio ya mkono na akaipenda kupita kiasi. Aliifunga kwa kitambaa cha maua isiingie vumbi. Aliivaa shingoni hata akilala. Kampuni ilimpa pia buti mpya za ngozi zenye chuma mbele, na hizo alizipenda zaidi, ndiyo maana hakuzivaa. Alizitundika kwenye msumari ndani ya kibanda cha pampu na kuzipangusa kila jioni. Yeye alitembea na viatu vyake vya tairi.

"Mzee, hizo buti ni za kuvaa," nilimwambia kila Jumatano.

"Nikivaa itazeeka. Mimi nimezeeka, nani alifurahi?"

Alikuwa akinitengenezea buna, zile kahawa zinazokaangwa na maganda yake kwenye samli, na nilikula nikijifanya nina haraka. Alinipa samli nyingine kwenye chupa nimpelekee mama yangu apake magoti. Mama naye, nikirudi kambini, alinipa tumbaku ya kutafuna iliyofungwa kwenye gazeti, nimpelekee mzee. Mama alikuwa Mturkana mjane, Mkristo wa kanisa la mbele, na mzee alikuwa Mwislamu wa swala tano. Hawakuwahi kuonana. Lakini waliulizana hali kupitia kwangu kwa miezi na miezi, hadi nikahisi mimi ni mfuko tu wa kubebea salamu zao.

Sasa niieleze redio, kwa sababu mambo yote yalipita hapo.

Redio kubwa ilikuwa kwenye kliniki yangu, na kazi ya kuwaita walinzi ilikuwa yangu. Saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Niliita lango, niliita kizuizi cha barabara, niliita kiwanja kidogo cha ndege, na mwisho niliita kisima. Kila mmoja alijibu neno moja, nikaandika. Walinzi hawakuruhusiwa kufungua redio kabla ya kuitwa, isipokuwa kwa dharura, kwa sababu wachimbaji walitumia njia hiyo hiyo ya mawasiliano.

Lango lilisema salama. Kizuizi kilisema salama. Kiwanja kilisema salama. Kisha kisima.

"Kisima, kisima, hapa kliniki. Hali? Ova."

"Nagaa, binti. Wewe umeamka nagaa?"

Nagaa ni amani kwa Kiborana. Nilikulia Kiwanjani kati ya Waborana na Wasomali, na nilijua kusalimia kwa Kiborana kabla sijajua kusoma. Sina kisingizio.

"Nagaa, mzee. Hali ya kisima? Ova."

"Iko. Mama yako je? Ile magoti yake?"

"Salama. Ova."

"Amelala vizuri? Baridi haikumsumbua?"

Mama alikuwa mjini, siku nzima ya barabara kutoka nilipo, na kambini hapakuwa na mtandao. Ningejuaje amelalaje? Lakini jibu lilikuwa ni salama, nikalitoa. Akauliza mbuzi wa mama, ambao hawakuwepo, lakini salama. Akauliza mvua ya mjini. Nami nilitakiwa kumuuliza mbuzi wake, watoto wake, ngamia wake mmoja mwenye kikohozi. Na baada ya amani hizo zote kwisha, sauti ikishuka kidogo, ndipo alisema, "Ni vile tu tanki inavuja."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Tanki lilivuja kwenye salama ya nne. Fisi alikula waya wa pampu kwenye salama ya tatu. Yule mzee hakuwahi hata mara moja kuanza na shida. Jibu la kwanza ni amani hata kama nyumba inaungua, na anayekupenda anauliza tena.

Mkubwa wa kambi hakupenda. Alikuwa mtu wa Nairobi, mwenye ovaroli iliyopigwa pasi hadi kwenye mfuko, na alikuwa na redio yake mezani.

"Daktari, hii si kipindi ya salamu," aliniambia. "Wachimbaji wanangoja. Mwambie huyo mzee ajibu kama wengine."

Nilimtetea mzee wiki mbili hivi. Lakini ukweli ni kwamba nami nilianza kuchoka, na siku moja jioni, baada ya mchana wa watu watatu wenye kuhara na mmoja aliyejikata kidole, nilipoteza uvumilivu. Mzee alikuwa amefika kwenye mvua ya mjini.

"Mzee, tafadhali," nilisema, na kambi nzima ikisikia. "Neno moja tu. Salama, au si salama. Unatupotezea wakati."

Kisha akasema, "Sawa, daktari."

Alikuwa hajawahi kuniita daktari. Nililisikia neno hilo vizuri, likanichoma kidogo, nikaenda kula.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi niliita kama kawaida. Lango, kizuizi, kiwanja.

"Kisima, hapa kliniki. Hali? Ova."

"Nagaa," akasema.

Nikangoja. Yeye pia alikuwa akingoja. Nilisikia pumzi yake, alikuwa bado amebonyeza kidude. Kisha akaachia.

"Asante sana, mzee. Ova na auti."

Mtu mmoja wa mtamboni akaingilia, "Leo mzee amefaulu mtihani!" na wengine wakacheka hewani. Nami nilicheka. Niliandika Salama kwenye mstari wa kisima, kwa mwandiko mzuri, nikajiona kiongozi.

Karibu saa nne nilienda jikoni kuchukua chai. Aliyepika alikuwa dada mmoja Mborana wa Merti, mama wa watoto watano, ambaye alikuwa akiacha mlango wa jikoni wazi kila asubuhi ili asikie mzee akinisalimia. Ilimkumbusha baba yake. Asubuhi hiyo alikuwa ghalani akipokea unga na hakusikia.

"Mzee amesemaje leo?" aliuliza.

"Leo amenyooka. Neno moja."

Akaacha kukanda. "Neno moja? Hajauliza mama yako?"

"Hapana."

"Na wewe ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara moja. Akasema nagaa."

Alinitazama na mikono yake imejaa unga hadi viwiko. Sijasahau macho yale. Hayakuwa na hasira, yalikuwa yakinionea aibu. "Dada, hiyo ya kwanza kila mtu anasema," akaniambia. "Hata maiti ingekuwa na mdomo ingesema. Hukumuuliza."

Niliacha kikombe juu ya meza. Nilirudi kliniki nikiwa nakimbia, nikaita kisima. Nikaita tena. Nikaita mara ya tatu, na hakuna kilichojibu ila kelele. Boza halikuwa limeenda huko asubuhi hiyo kwa sababu lilikuwa gereji, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyemwona. Nilichukua begi la dharura, nikafungua friji, nikachukua na dawa ya sumu ya nyoka. Sikujua ni nini kimempata. Nilichukua kila kitu.

Mkubwa wa kambi alinikuta langoni, dereva wa ambulensi akiwa amewasha gari.

"Unaenda wapi? Amesema ako salama. Wewe mwenyewe umeandika."

"Nimeandika vibaya."

"Daktari, ukitoka hapa rigi inasimama. Unaelewa ni nini hiyo?"

"Isimame," nilisema. Nikasema na maneno mengine ambayo mama yangu asingependa niyaandike. Dereva aliangalia mbele kama mtu asiye na masikio, na mara tu nilipofunga mlango akakanyaga mafuta. Tulikuwa hatujafika mbali niliposikia nyuma yetu mngurumo ukishuka, ukashuka, ukakata. Ukimya ule ulikuwa mkubwa.

Tulimkuta mzee ameketi kwenye kivuli cha kibanda cha pampu, mgongo ukutani, redio shingoni ndani ya kitambaa cha maua. Mguu wa kushoto ulikuwa umenyooshwa mbele yake, umevimba na kuwa mweusi, ukiwa umefungwa chini ya goti kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ulikuwa umefungwa sawasawa, kwa mikono iliyozoea kufunga mizigo ya ngamia. Hatua chache kutoka hapo alikuwa nyoka, moma, kichwa kimepondwa kwa jiwe. Midomo ya mzee ilikuwa imekauka na alikuwa ametapika, lakini aliponiona aliinua mkono.

"Nagaa, binti?"

Nilipiga magoti mchangani nikitafuta mshipa, na machozi yakanizuia kuona. Nilijibu nagaa. Akauliza mama yangu. Nikajibu. Nilimuuliza ameumwa saa ngapi, akaniambia alfajiri, alipotoka kuchukua maji ya udhu. Alikuwa na viatu vya tairi. Buti zilikuwa kwenye msumari.

"Mbona hukuniambia?"

"Si uliniuliza ukafunga?" alisema, bila lawama hata kidogo, kama mtu anayeeleza njia. "Nikajua uko na kazi. Nikasema nitangoja ile ya saa sita. Hii mpira nilifunga nikijua unaniita karibu."

Mpira ule alikuwa ameufunga ukae dakika chache tu. Alijua nitaita saa kumi na mbili, tutasalimiana, ataniambia, na nitakuja. Nilipofunga redio, aliuacha pale pale, akangoja. Katikati alizirai, na hapo ndipo nilipokuwa naita bila kujibiwa.

Nilimwekea dripu, nikampa dawa, nikaulegeza mpira polepole nikiogopa kila pumzi yake. Mchana ndege ndogo ilikuja kumchukua. Ilimshusha Isiolo, kwenye uwanja huu huu ninaousikia kutoka dirishani mwangu, na nilikuwa nimempigia jirani yetu kwa simu ya setilaiti amweleze mama. Mama alienda hospitalini kwa miguu, na magoti yale yale yaliyopakwa samli. Ndivyo walivyoonana kwa mara ya kwanza.

Daktari wa upasuaji aliniambia baadaye kwamba nyoka peke yake pengine angeuacha mguu. Mpira uliokaa karibu saa tano ndio ulioumaliza. Walimkata chini ya goti.

Kampuni ilinipa barua ya onyo kwa kusimamisha uchimbaji. Ninayo hadi leo, na ni barua pekee ya kazi ninayoisoma bila kuona aibu. Aibu ninayo kwa ile Salama yenye mwandiko mzuri.

Niliporudi mjini, siku zangu za kambi zilipokwisha, nilimkuta mama kando ya kitanda cha mzee. Alikuwa ameenda kila siku. Kwa kuwa hakuwa na hakika kama mzee atakula kutoka chungu chake, alikuwa akimwomba jirani yetu Mwislamu apike, yeye akibeba. Walikuwa wakitafuna tumbaku wakijificha muuguzi asione. Walikuwa wakibishana goti na mguu uliokatwa, ni kipi kinauma zaidi ikija baridi.

"Yangu haiko na bado inauma," mzee alisema. "Yako iko. Usinishinde."

Mama alicheka hadi akashika ubavu. Nilisimama mlangoni na mfuko wa machungwa, na sikuweza kuingia. Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba msamaha njia nzima. Mzee aliponiona tu alianza, nagaa, umeamka, umesafiri, barabara je, na kila nilipofungua mdomo kuomba msamaha aliniwekea swali jingine. Alipomaliza akasema, "Hiyo ingine wacha. Imekwisha." Nimejaribu tena mara nyingi, na hajawahi kuniruhusu nifike mwisho.

Mafuta hayakupatikana. Walichimba, wakachimba, wakasema kisima cha mafuta ni kikavu, wakafungua mtambo vipande vipande na kuupakia kwenye malori. Kwa siku tatu barabara ya Merti ilikuwa vumbi tupu. Nilikuwa kwenye zamu ya mwisho. Nilifunga dawa kwenye masanduku, nikafuta ubao, nikazima mashine ya hewa baridi. Dada wa jikoni alinipa sufuria moja kubwa ambayo bado natumia. Wanasema sasa pamebaki jukwaa la saruji na bomba fupi lenye kifuniko, na mbuzi wanapanda juu yake kulala.

Naikumbuka kambi ile kuliko ninavyokumbuka shule au harusi yangu. Wakati mwingine nadhani ninachokikumbuka ni kule kuitwa. Hakuna mtu mjini anayetaka kujua, kila asubuhi saa kumi na mbili, mama yangu amelalaje.

Mama alifariki mwaka jana. Aliugua siku chache, akaondoka asubuhi, upesi, na mara hii nilitamani mtu wa familia yetu angekuwa polepole. Tulimzika. Watu walikuja, wakala, wakarudi makwao, nami nilirudi kliniki siku ya nne kwa sababu sikujua kukaa. Kila aliyeniuliza hali nilimwambia salama. Waliniamini. Waliuliza mara moja, nikajibu, wakapita.

Miezi miwili baadaye nilipangiwa safari ya chanjo ya watoto upande wa Merti, na tulipomaliza Korbesa nilimwomba dereva asimame kwa mzee, dakika tano tu. Nilimnunulia sukari na majani ya chai. Alikuwa ameketi nje ya nyumba ya mwanawe kwenye kiti cha plastiki, gongo kando, na kwenye mguu wake wa kulia alikuwa amevaa buti. Ya kushoto, alinionyesha, imetundikwa ndani kwenye msumari, ingali mpya kabisa.

"Ile nilitunza, ona sasa, haitazeeka," alisema, akacheka peke yake.

Kisha akaanza. Nagaa. Nagaa, mzee. Umeamka? Nimeamka. Barabara, kazi, watoto wa chanjo walilia? Mkaza mwanawe alileta chai. Nikauliza mbuzi, nikauliza wajukuu, nikauliza mguu. Nilikuwa nimejifunza, sikuacha hata swali moja.

"Na mama yako? Ile magoti yake?"

"Salama," nilisema. Lilitoka lenyewe, kama lilivyotoka kwa wengine wote.

Mzee akaweka kikombe chini mchangani. "Amelala vizuri? Baridi haimsumbui?"

"Salama, mzee."

Hakuongeza swali la mvua wala la mbuzi. Aliniinamia kidogo, akaniuliza tena, polepole, "Na mama?"

Nikamwambia. Nililia mbele yake na mbele ya mkaza mwanawe, na mbele ya watoto waliotoka kuchanjwa wakiwa bado wameshika mikono yao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulia tangu tumzike. Mzee aliufunika mkono wangu kwa mkono wake hadi nilipopata pumzi.

"Nilijua," akasema. "Vile ulishuka kwa gari bila tumbaku yake."

"Sasa mbona uliniuliza yote hayo, mzee?"

"Ningekukatiza aje? Ulikuwa bado unasalimia."

Kisha akataka kujua alizikwa wapi, na nani walikuja, na kama mvua ilinyesha siku hiyo, na nilimjibu moja baada ya jingine. Gari la chanjo likapiga honi. Likapiga tena. Nikamwashiria dereva kwa mkono azime injini.